Mkalimani wa Jumatano ya Wanawake

Kariakoo, Dar es Salaam
12 Novemba 1995

Dada yangu Salha,

Shikamoo. Asalaam aleikum. Huku tu wazima. Mguu wa wifi yako umepona, sasa anautumia kunifuata mpaka barazani kuniuliza mbona asali ya Kondoa imekatika. Watoto wanasoma. Jumapili ijayo sisi wa Dar tunarudia kupiga kura, kama wanafunzi waliorudishwa kuandika insha upya.

Sasa sikiliza. Mwezi wa tatu kutakuwa na tamasha la sinema hapa mjini, wiki nzima. Ni picha mpya za Asia: India, China, Iran, na za Waasia waliozaliwa ugenini au waliohamia Uingereza, Kanada, na hata hawa wetu wa Afrika Mashariki. Waliozitengeneza wanakuja wenyewe, wanaonyesha, watu wanawauliza maswali. Mimi nitashika mashine. Tangu mikanda ya video iingie kila uchochoro, ukumbi wetu una popo wengi kuliko watazamaji, kwa hiyo namshukuru Mungu kwa wiki hiyo moja.

Juzi kaingia mwanamke kwenye kichumba changu cha mashine, kavaa suruali, nywele fupi. Akasema kwa Kiswahili cha Dodoma kabisa: "Hanifu, bado unakula karanga juu ya mashine?" Nikamkodolea macho. Dada, ni Nasim! Nasim wa Mzee Merali, mtoto uliyemlea wewe, uliyembeba mgongoni ukiwa yaya kwao. Ametengeneza picha huko Kanada. Itaonyeshwa hapa, halafu siku moja Dodoma, katika ukumbi ule ule uliokuwa wa baba yake. Anataka siku hiyo iwe Jumatano ya wanawake kama zamani, mlango ufungwe kwa wanaume, na wewe ukae mbele ya pazia uwafasirie akina mama kama ulivyokuwa ukifanya.

Nimemwambia utakuja. Usiniaibishe.

Nduguyo,
Hanifu


Kondoa
9 Desemba 1995

Mdogo wangu Hanifu,

Marahaba, wa aleikum salaam. Barua yako imelala kwa dereva wa basi wiki mbili, korongo lilikuwa limejaa. Mwenyewe ameniletea mpaka mlangoni, Mungu amlipe.

Binti yangu Waridi kajifungua salama, mtoto wa kike, ana sauti ya muadhini. Na nina habari nyingine, nimekuwa nikiificha chini ya ulimi nikiogopa isiniponyoke. Mwanangu Rehani, huyu wa Babati, ameniandikisha niende Makka mwaka huu. Mimi, Salha, niliyeishia darasa la nne! Siku aliyoniambia nililia kwenye mswala mpaka ukalowa. Kila nikichota maji nashukuru, kila nikifunga mlango nashukuru, majirani wanadhani nimeanza kusema peke yangu.

Hiyo ya Dodoma, baba, sitaweza. Kuna mtoto mchanga. Kuna mbuzi. Macho yangu hayapendi tena mwanga wa sinema. Na mtu anayejiandaa kwenda kuhiji akae mbele ya pazia? Sababu ni nyingi, na zote ni za kweli kidogo kidogo.

Nasim mpe salamu zangu. Mwangalie chini ya kidevu, bado ana kovu alilolipata kwenye ngazi za sinema? Sijamtia machoni tangu siku ile waliyohama bila kuniaga. Alikuwa na miaka tisa. Wewe wakati ule ulikuwa opereta wao, mashine yao mkononi mwako. Miaka ishirini na moja sijakuuliza, leo nauliza: siku ile ulikuwa wapi?

Dada yako,
Salha


Kariakoo, Dar es Salaam
4 Januari 1996

Dada yangu,

Shikamoo, na hongera. Hongera mara mbili, ya mjukuu na ya safari. Wifi yako aliposikia Makka alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Kuhusu mbuzi wako: wamefanya mtihani gani hao mbuzi hata wasiweze kukaa siku tatu na watu wengine? Acha hizo. Karatasi ya tamasha imeshachapwa na jina lako limo: Bi Salha wa Kondoa, mkalimani wa Jumatano ya wanawake. Nasim amekwisha kwenda Dodoma kutafuta akina mama wa zamani. Kampata Miriam. Kampata Anjelina, yule wa posta. Kampata na Loisi wa Mkonze, yule mama wa Kigogo aliyekuwa anawahi benchi la kwanza na kibuyu chake cha maziwa. Unajua Loisi alimwambiaje? "Salha ndiye alikuwa sinema. Picha ilikuwa inamsindikiza tu." Nasim alikuja kunisimulia huku anafuta machozi. Kovu bado analo.

Yeye mwenyewe anasema asipopata sauti yako hataionyesha Dodoma. Sasa ukatae, kisha utamwambia sababu gani?

Yale mengine uliyoniuliza tutaongea tukionana. Karatasi imekwisha.

Hanifu


Kondoa
15 Ramadhani (tarehe 5 Februari 1996)

Mdogo wangu,

Marahaba. Tunafunga, jua ni kali, lakini mtama umesimama vizuri, Alhamdulillahi. Mjukuu anaongezeka kama unga wa chachu.

Umeandika karatasi imekwisha, na nusu ya ukurasa wa nyuma ni nyeupe. Nimeiona. Lakini sitakulaumu, kwa sababu na mimi nimekuwa nikiandika huku nimeziba kitu kwa kiganja. Leo nimefunga, na mdomo uliofunga ni mzito kwa uongo. Keti chini, Hanifu.

Mimi sijui Kihindi. Sikuwahi kukijua.

Nyumbani kwa akina Merali walisema Kikachi, lugha yao ya kwao. Hicho nilikijua mpaka ndotoni, nilimlea Nasim kwa hicho. Lakini picha za Jumatano zilikuwa za Kihindi, na sisi watu weusi tulidhani Wahindi wote wanasema kitu kimoja. Wanawake walinisikia nikiongea na Mama Merali mlangoni, wakasema, "Huyu anajua, atufasirie." Mama Merali alicheka tu, akanisukumia kigoda. Nikaketi. Taa zikazimwa. Nikawa nadaka neno moja, matatu yanapita. Mia mbili wananitazama mimi badala ya pazia. Kwa hiyo nikaanza kutunga.

Miaka saba, Hanifu. Mtu akifungua mdomo, nampa maneno. Akilia, nampa sababu. Wahindi wenyewe walikaa juu kwenye balkoni wakila na kupiga soga, hakuna aliyenisikiliza. Kila Jumatano nilirudi nyumbani nikisema wiki ijayo nitakiri, na kila Jumatano akina mama waliningoja mlangoni wakanibusu mikono. Kule kupendwa kulikuwa kutamu. Hilo ndilo linalonitia haya zaidi ya uongo wenyewe.

Nimemwendea Ustadh Iddy. Unajua anayekwenda kuhiji huzunguka kwanza kwa kila aliyemkosea amwombe radhi. Nikamuuliza, na kama ni watu mia mbili, wengine Waislamu, wengine Wakristo, wengine sijui hata majina? Akasema: "Mungu amekukusanyia wote ukumbini, na wewe unakataa kwenda?"

Kwa hiyo nitakwenda Dodoma. Siendi kufasiri, nakwenda kuomba radhi. Mwambie Nasim mapema, nisije nikamvunjia tamasha lake mbele ya wageni. Naogopa uso wake kuliko wote. Mtoto niliyemfundisha kusema kweli.

Na wewe, lile swali langu bado limekaa mlangoni, halijaingia ndani.

Salha


Kariakoo, Dar es Salaam
23 Februari 1996

Dada yangu,

Idd njema, na shikamoo. Tumekula pilau, wifi yako kanishonea kanzu, naonekana kama mtu wa maana.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilicheka, nisamehe. Ya pili sikucheka. Mimi kule kwenye kichumba cha mashine kelele zilikuwa nyingi, sikupata kukusikia, lakini niliwaona wanawake wakitoka. Walitoka wamejaa. Ndivyo ninavyojua mimi.

Nimemweleza Nasim. Akaniuliza, "Kwa hiyo alikuwa anatunga zote?" Nikamwambia zote. Akasema: "Basi mwambie aje na kigoda chake. Yangu si ya Kihindi. Waigizaji wangu wanasema Kikachi, kile kile cha jikoni kwetu."

Dada, picha hiyo nimeijaribu kwenye mashine. Ni ya nyumba yao ya Dodoma, na mwaka waliohama. Utaielewa yote. Kuna mahali ndani yake, basi, utaona mwenyewe. Nitakuwepo Dodoma kuishika mashine kwa mikono yangu, inshallah.

Hanifu


Kondoa
18 Machi 1996

Mdogo wangu Hanifu,

Nimerudi salama, mbuzi wote wapo. Waridi anakusalimu. Mtoto kanisahau kwa siku nne tu, kanililia kama mgeni, ikabidi tuanze kujuana upya.

Nilifika Dodoma Jumanne kwa basi, Loisi akanipokea, nikalala kwake Mkonze. Hakuniacha nilale. "Nisimulie ile ya mama kipofu," anasema, na mimi najua kesho nitasema nini. Jumatano mchana nilipoingia ukumbini, kwanza nilipanda kwenye kichumba cha mashine kukutafuta. Nikamkuta kijana anaitwa Yotham. Akasema umepata dharura. Nikashuka.

Ukumbi ule sasa wanahifadhia mahindi, walikuwa wamesogeza magunia nyuma. Wanawake walijaa mpaka juu ya magunia. Wageni wa tamasha walikuwepo, mama mmoja wa Hong Kong na binti Mhindi wa Uingereza. Nasim alinipokea mlangoni. Aliinama akaweka kichwa begani pangu palepale alipokuwa akilalia, na sasa ni mrefu kunizidi, ilibidi akunje magoti. Hanifu, kwa hilo tu ningetembea kwa miguu kutoka Kondoa.

Nikaomba nisimame kabla ya taa kuzimwa. Nikasema kama nilivyokuandikia, bila kupunguza. Nikasema: nakwenda kuhiji, niliwadanganya miaka saba, naomba radhi zenu.

Miriam akasimama, mikono kiunoni. "Salha! Binti yangu nilimwita Zarinda kwa sababu ya ile picha ya mtoto wa mfalme. Ina maana hilo jina...?"

"Sikulisikia vizuri jina lake, dada yangu. Nililitoa kichwani."

"Yallah! Mtoto mzima, ana cheti cha unesi, yuko Bahi anawachoma watu sindano, jina lake halijulikani linatoka wapi!" Ukumbi ukaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka mpaka akakaa.

Loisi hakucheka. Alisimama polepole. Akasema kwenye picha moja kulikuwa na bibi harusi anapigwa na mumewe, akamkimbilia mama yake, na mama akamwambia, "Mwanangu, mlango wa kwenu haujafungwa." Akasema, "Mimi wiki ile nilichukua watoto wangu nikarudi kwa mama yangu. Ndiyo maana niko hai. Yule mama alisema nini hasa?"

Nilikumbuka. Nikamwambia kweli. "Sikujua alisema nini, Loisi. Lakini alimshika mkono akamrudisha kwa mumewe, hiyo uliiona. Nilisema maneno yangu kwa sababu niliona jicho lako limevimba."

Akanitazama. "Basi miaka ishirini namshukuru Mhindi wa kwenye pazia, kumbe wa kumshukuru ana kigoda hapa chini." Akaja akanishika mikono yote miwili.

Nisikudanganye, si wote. Anjelina wa posta alisema, "Mimi nililia machozi ya kweli kwa mambo ya uongo. Sijui nikujibu nini leo." Akatoka. Namwombea, na nimemwachia salamu kwa Loisi.

Kisha taa zikazimwa. Nikaketi kwenye kigoda. Na kwa mara ya kwanza maishani nikafasiri. Ni kazi ngumu, Hanifu! Watu wa kweli hunyamaza sana. Mwanzoni akina mama walininong'oneza, "Mbona leo maneno machache?" Nikawaambia, "Hajasema kitu, anakuna nazi." Wakazoea. Jiko lile lile, sufuria zile zile. Mwigizaji aliyefanywa Mama Merali alifunga mtandio kama yeye hasa.

Tukafika pale ulipoandika kuwa nitaona mwenyewe. Wanafunga masanduku. Mama anasema, "Na Salha tumwambie nini?" Baba anajibu, "Tukimwambia atalia, na mtoto atalia, na mtaa wote utajua tunaondoka." Mama anafikiri kidogo, anasema, "Basi mtume sokoni akanunue bamia."

Nilizinunua kweli zile bamia. Nilirudi nazo nikakuta kufuli.

Ulimi wangu ukataka kunisaidia. Ulikuwa tayari na maneno mazuri: mama anasema, tutamwandikia Salha barua, Salha ni mwanangu. Nani angejua? Nasim angejua, lakini asingenisema. Akina mama wananingoja, kama zamani. Nikawaambia neno kwa neno, mpaka bamia. Nikasikia mtu nyuma anasema, "Eeh, Mungu wangu."

Halafu ikaja stesheni. Kijana mwembamba anapandisha masanduku yao kwenye behewa. Baba anamshika bega, anamwambia kwa Kiswahili, hata sikuhitaji kufasiri: "Usimwambie dada yako mpaka tufike mbali." Na kijana anasema, "Ndiyo, mzee."

Hiyo pia niliifasiri, ingawa wote walikuwa wamesikia.

Taa zilipowaka Nasim alikuja mbele, akaniomba radhi kwa niaba ya wazazi wake, ambao wote wametangulia. Mimi nilikwenda kuomba, nikajikuta natoa. Nilimpa yote, sikubakiza. Akina mama wakatuimbia.

Sasa nimejua ulikuwa wapi. Sikuandikii kwa hasira. Nakuandikia tu ujue kwamba nimejua.

Salha


Kariakoo, Dar es Salaam
27 Machi 1996

Dada,

Shikamoo. Wote wazima.

Nilikata tiketi ya treni kuja Dodoma. Nilifika stesheni, nikakaa kwenye benchi, treni ikaondoka nikiwa na tiketi mkononi.

Siku ile nilijua tangu asubuhi. Nilikuona unatoka na kikapu, ukaniambia, "Leo wanataka bamia, na msimu wake umepita, sijui nitazipata wapi." Nikakujibu, "Jaribu kwa Wasandawe mwisho wa soko." Mwisho wa soko, Dada, ili uchelewe. Mzee Merali alikuwa ameniandikia barua ya kunijulisha kwa mwenye sinema wa Dar. Ndiyo iliyonipa kazi hii ninayoifanya mpaka leo. Niliuza kilio chako kwa barua ya kazi. Kila uliponiandikia nilitaka kusema, nikaona nusu ya ukurasa inatosha.

Wewe umesimama mbele ya watu wote wale. Mimi nimeshindwa kusimama mbele ya mtu mmoja.

Sijui niandike nini tena.

Hanifu


Kondoa
3 Aprili 1996

Hanifu, mwana wa mama yangu,

Marahaba. Nimekusoma asubuhi, nikaenda kuchota maji, nikarudi nikakusoma tena.

Sitakwambia kwamba si kitu. Nimetoka kujifunza kusema kilichosemwa, nisikiharibu. Ungeniambia, ningekimbia stesheni, ningelia, mtoto angelia, na treni ingeondoka vilevile. Lakini ningemuaga. Hilo ulininyima, na nililitafuta miaka ishirini na moja katika kila barua yako.

Na sasa nimelipata, kwa sababu ni wewe uliyemwambia Nasim kwamba nitakuja kabla hata hujaniuliza. Ulijua picha ile itakutaja, ukaisukuma inifikie. Mtu asiyetaka kujulikana hafanyi hivyo. Nashukuru. Nashukuru kwa Nasim, kwa Loisi, kwa jina la yule nesi wa Bahi, na kwa Anjelina, aliyetuma neno kwa Loisi kwamba nikirudi nipite kwake, atakuwa amefikiri. Radhi yangu unayo, yote, tangu leo, mbele ya Mungu ninayekwenda nyumbani kwake. Na wewe nipe yako, kwa lolote, maana nilikulea kwa makofi pia.

Barua hii nampa dereva aifikishe treni ya kesho. Mimi napanda Dodoma Jumatatu, nitashuka Dar Jumanne asubuhi, daraja la tatu. Ndege ya mahujaji ni Ijumaa. Nina sanduku moja na kikapu cha asali ya wifi.

Njoo stesheni. Ukiniona usikimbilie sanduku. Simama mbele yangu, unitazame, unisalimie kwanza. Mizigo tutashika baadaye, wote wawili.

Dada yako,
Salha